Nimefanyiwa bypass na magoti yananiuma: nitumie dawa gani ya maumivu?

Swali: Mimi ni mama wa miaka 43, naishi Dar es Salaam. Mwaka jana nilikwenda India nikafanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa bypass. Namshukuru Mungu nimetoka kilo 131 hadi 88. Kinachonisumbua ni magoti, hasa nikipanda ngazi, na tumbo la hedhi ambalo siku mbili za kwanza linanilaza kabisa. Karatasi niliyopewa hospitalini imeandikwa nisitumie NSAIDs, ila sikuelezwa ni dawa zipi hizo. Duka la dawa la mtaani walinipa Diclopar, nimeitumia kama wiki mbili. Nilipowaambia habari ya upasuaji, wakasema basi nichome sindano maana haipiti tumboni, au nimeze pamoja na omeprazole. Siku hizi nikila nasikia kama moto chini ya kifua. Choo nacho ni cheusi, lakini natumia vidonge vya madini ya chuma. Nitumie dawa gani iliyo salama kwangu?

Jibu: Dada yangu, pole kwa maumivu, na hongera kwa ulipofika. Nianze na la haraka: acha Diclopar leo. Usiibadilishe na sindano, usiibadilishe na dawa ya kuweka njia ya haja kubwa, wala usiendelee nayo kwa kutegemea omeprazole. Moto huo unaousikia ukila, kwa mtu mwenye bypass aliyetumia diklofenaki, dawa iliyomo kwenye Diclopar, wiki mbili, si kiungulia cha kunywea maziwa. Unatakiwa kuonwa na daktari wiki hii, na kuhusu choo nina maneno ya kukuambia hapo chini. Kama wakati unasoma hapa choo chako kinanata na kung'aa kama lami, au umetapika kitu chenye rangi ya damu au kahawa, au unasikia kizunguzungu ukisimama, acha kusoma uende hospitali sasa hivi.

Hizo NSAIDs ni kundi la dawa zinazotuliza maumivu, zinazopunguza uvimbe na kushusha homa. Ndizo dawa za maumivu zinazouzwa kwa wingi madukani kwetu, na nyingi huwezi kuzitambua kwa jina la biashara. Geuza boksi, tafuta maandishi madogo yanayotaja dawa iliyomo ndani. Ukikuta Diclofenac, Ibuprofen, Naproxen, Meloxicam, Piroxicam, Indomethacin, Ketoprofen, Ketorolac, Aceclofenac, Mefenamic acid au Aspirin (ambayo pia huandikwa Acetylsalicylic acid), rudisha boksi kaunta. Brufen imo humo, Voltaren imo, Ponstan ya tumbo la hedhi imo. Diclopar yako ina dawa mbili kwenye kidonge kimoja, diklofenaki na parasetamo. Kwa hiyo mtu akiinywa na Panadol juu yake, anajidhuru mara mbili: tumbo kwa diklofenaki, ini kwa parasetamo iliyozidi.

Sasa hili la sindano, maana ndilo linaloumiza watu wengi. Wengi wanaamini kidonge kinaunguza tumbo kwa sababu kinaligusa, kwa hiyo dawa ikipita kwenye msuli au njia ya haja kubwa tumbo litakuwa limepona. Sivyo inavyofanya kazi. Ukuta wa tumbo hujilinda dhidi ya tindikali yake wenyewe kwa ute mzito, kwa chumvichumvi inayopooza tindikali, na kwa damu nyingi inayopita hapo kurekebisha seli zilizochubuka. Ulinzi wote huo unaendeshwa na kemikali za mwili zinazoitwa prostaglandini. Kemikali za jamii hiyohiyo ndizo zinazoamsha maumivu na uvimbe gotini. Diklofenaki inapozima utengenezaji wake haichagui. Inazima za gotini na za tumboni pamoja, na inafika kote huko kwa njia ya damu. Uimeze, uichome matakoni au uiweke njia ya haja kubwa, ikishaingia kwenye damu safari ni moja. Kula kwanza kabla ya kumeza kunapunguza karaha ya pale pale, lakini hakuurudishi ulinzi huo.

Mtu mwenye tumbo lake zima anaweza kuistahimili hali hiyo siku tatu nne bila kisa. Kwako mambo yamebadilika. Katika bypass, daktari ametenga kimfuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, kinachobeba kama mililita 30 hivi, sawa na vijiko viwili vya chakula. Kimfuko hicho amekiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, chini zaidi ya pale ambapo tumbo kwa kawaida humwagia. Sehemu hiyo ya utumbo haikuzoea tindikali. Kwa kawaida chakula kinachofika pale kimeshapita eneo linalopooza ukali wake. Sasa kimfuko kinateremshia tindikali yake, hata kama ni kidogo, moja kwa moja juu ya mshono. Vidonda vya tumbo vya watu wa bypass huota mara nyingi pale pale kwenye maungio, upande wa utumbo. Vinaweza kuvuja damu kidogo kidogo kwa miezi, vinaweza kupasuka ghafla, na vikipona vibaya huacha kovu linaloziba njia hadi chakula kikawa hakishuki.

Kuna na tumbo la zamani, lile lililoachwa pembeni. Bado limo ndani, liko hai, na diklofenaki inalifikia kwa damu kama kawaida. Likiota kidonda huko, kamera ya kawaida inayopitishwa mdomoni hailifikii kirahisi, kwa kuwa njia ya kuliendea imekatwa. Ndiyo sababu mwongozo wa vyama vya madaktari wa Marekani uliofanyiwa marekebisho mwaka 2019 unasema dawa hizi ziepukwe kabisa baada ya upasuaji wa kupunguza uzito pale inapowezekana. Na katazo hilo halina tarehe ya kwisha. Nimewasikia watu kaunta wakisema, "Mimi nilifanyiwa miaka minne iliyopita, mshono umeshakauka." Mshono kukauka hakubadilishi ramani ya tumbo. Bypass ni ya maisha, na tahadhari hii ni ya maisha.

Omeprazole ni dawa nzuri, na huenda ulipewa miezi ya mwanzo baada ya upasuaji kulinda maungio yasiote kidonda. Inapunguza tindikali. Haiurudishi ute, wala haiirudishi damu kwenye ukuta wa utumbo. Kwa hiyo inapunguza hatari bila kuiondoa, na kuichukua kama leseni ya kumeza diklofenaki kila siku ni kosa. Jambo moja ambalo hata wauza dawa wengi hawalijui: kwa mwenye bypass aliyekwisha pata kidonda kwenye maungio, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba waliofungua kapsuli na kumeza chengachenga zake walipona mapema sana kuliko waliomeza kapsuli nzima. Sababu yake inaeleweka. Kapsuli imetengenezwa iyeyuke tumboni kwa kukaa humo muda, na kimfuko chako hakikai na kitu. Daktari akikuandikia dawa ya jamii hiyo kwa kidonda, muulize kama uifungue. Ukiifungua, mimina chengachenga kwenye kijiko cha uji mwepesi au mtindi na umeze bila kuzitafuna wala kuzisaga.

Walio na upasuaji wa aina nyingine wanaosoma hapa wasidhani hayawahusu. Waliofanyiwa sleeve, yaani tumbo limekatwa pembeni likabaki kama mrija, hawana maungio ya tumbo na utumbo, na hatari yao ya kidonda cha namna hii ni ndogo kuliko ya bypass. Baadhi ya madaktari huwaruhusu dozi ya siku chache kwa sababu maalumu, wakiwa na kinga ya tindikali. Hilo ni la daktari kuamua, si la dukani. Waliofanyiwa bypass ile fupi yenye muungano mmoja wako kundi moja na wewe. Na waliowekewa puto, huduma inayojulikana sasa hata hapa kwetu kupitia hospitali ya Mloganzila, wasiguse dawa hizi muda wote puto likiwa ndani, kwa kuwa lenyewe linasuguana na ukuta wa tumbo.

Basi utumie nini? Parasetamo. Najua jibu hili linawakatisha tamaa watu, kwa sababu wameizoea kama dawa ya homa ya mtoto. Lakini wengi wanaosema haiwasaidii huwa wanakunywa kidonge kimoja mara moja maumivu yakiwa yameshapanda, kisha wanaiacha. Mtu mzima wa uzito wako, mwenye ini zima na asiyekunywa pombe, dozi yake ni gramu moja, yaani vidonge viwili vya miligramu 500, kila baada ya saa 6 hadi 8. Kikomo kinachotajwa kwa mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24, ila kwa aliyefanyiwa bypass na bado anapungua, anayekula kidogo na akiba yake ya mwili ni ndogo, mimi napendelea asivuke gramu 3, yaani vidonge sita kwa siku nzima. Siku ambazo umetapika au hukula kabisa, punguza zaidi. Kama uliwahi kuambiwa ini lina mafuta, na wengi wenye uzito mkubwa huambiwa hivyo, mwambie daktari akupangie kiwango chako. Na kwa siku zile mbili za hedhi usisubiri ulale chini. Anza mara tu dalili zinapokuja na uendelee kwa saa, usiku ukiwemo, bila kuvuka vidonge hivyo sita.

Kidonge cha kawaida cha parasetamo miezi hii unaweza kukimeza kizima, kimoja kimoja, ukipumzika kidogo katikati. Aliye wiki za mwanzo baada ya upasuaji akivunje au akisage, parasetamo ya kawaida haina shida na hilo. Usivunje kamwe kidonge kilichoandikwa SR, XR, MR, CR au Retard. Hivyo vimetengenezwa kuachia dawa taratibu kwa saa nyingi. Ukivisaga unapata dozi ya siku nzima kwa mpigo, na hata ukivimeza vizima, utumbo uliofupishwa huenda usivimalize. Vile vya kuyeyusha kwenye maji vinafaa, ila subiri povu liishe kabisa, maana gesi ndani ya kimfuko inauma. Fahamu pia vina chumvi nyingi ya sodiamu, kwa hiyo mwenye presha asivifanye vya kila siku.

Dawa ya maji ya watoto ndiyo wengi huishauri, na mimi siipendi kwa watu wazima wenye bypass. Piga hesabu. Ile ya miligramu 120 katika mililita 5, ukitaka gramu moja unatakiwa kunywa zaidi ya mililita 40, tena ya sukari tupu. Sukari hiyo ikishuka kwa kishindo kwenye utumbo, moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, tumbo linakata na choo kinakimbia. Kama huna njia nyingine, tafuta isiyo na sukari na uinywe kwa mafungu.

Tazama vilevile dawa za mafua na vidonge vya mchanganyiko vya kichwa. Nyingi zina parasetamo ndani, na baadhi zina aspirini bila kuitangaza kwa herufi kubwa. Panadol Extra ni parasetamo na kafeini. Si haramu kwako, lakini kafeini kila siku juu ya chai inakunyima usingizi na inaweza kukuchochea tindikali. Chagua parasetamo tupu.

Kuhusu magoti, hapo nataka tukae kidogo, kwa sababu huenda dawa ya maumivu si jibu lenyewe. Watafiti waliwahi kupima na kukuta kwamba kila kilo moja mtu anayopunguza, goti linapunguziwa mzigo wa kama kilo 4 kwa kila hatua. Wewe umeshusha kilo 43. Magoti yako yanatakiwa kuwa yanashukuru. Kama bado yanalia, kuna mambo ya kuulizia. La kwanza ni msuli. Wakati wa kupungua kwa kasi, mafuta hayaondoki peke yake, misuli ya mapaja nayo inakwenda, hasa kwa asiyekula protini ya kutosha, na goti lisilo na paja la kulishika huuma kwenye ngazi. Mtaalamu wa fiziotherapia akikufundisha mazoezi ya kuimarisha paja ukayafanya kwa wiki kadhaa, utaona tofauti kubwa kuliko ya dawa yoyote. Unaweza kuanza hata leo: kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja, ushikilie ukihesabu hadi kumi, shusha, rudia na mwingine.

La pili ni vitamini D na kalsiamu. Bypass inapunguza ufyonzwaji wake, na upungufu huo huja kama maumivu ya mifupa na udhaifu wa misuli ambao mtu anaudhani ni uzee wa magoti. Hata kama unaishi kwenye jua la Dar es Salaam, pima damu. Angalia pia aina ya kalsiamu unayomeza: ile ya sitreti ndiyo inayopendekezwa kwa wenye bypass, kwa kuwa haihitaji tindikali nyingi kufyonzwa. La tatu ni gauti. Kupungua uzito kwa haraka kunaweza kuiamsha. Goti au kidole gumba cha mguu kikivimba ghafla, kikawa chekundu na cha moto, usikimbilie indometasini ambayo ndiyo hupewa kila mtu. Kolkisini ni njia nyingine, na daktari ndiye wa kukuandikia dozi.

Jeli ya kupaka ya diklofenaki ni sura nyingine kidogo. Ikipakwa juu ya ngozi, inayoingia kwenye damu ni kidogo sana, karibu asilimia 6 ya ile inayoingia kwa kumeza, na iliyobaki inafanya kazi hapo hapo. Kwa goti moja au mawili, kwa wiki mbili tatu, baada ya daktari kukuangalia na kuhakikisha huna kidonda sasa hivi, madaktari wengi huikubali. Lakini isipakwe mgongo mzima na mabega na magoti kwa pamoja, wala isifungiwe kwa plastiki, maana hapo kinachoingia kinaongezeka. Kwa wiki hii, kabla hujachunguzwa, acha hata hiyo. Tumia kitambaa cha moto, au cha baridi kama goti limevimba.

Hedhi inayomlaza mtu siku mbili nayo inastahili uchunguzi. Fibroidi, yaani vivimbe vya kizazi, ni za kawaida sana kwa wanawake wetu wa umri wako, na kama unatoka damu nyingi wakati utumbo wako unafyonza madini ya chuma kwa shida, upungufu wa damu uko mlangoni. Pima hemoglobini, yaani wingi wa damu, na ufanyiwe ultrasaundi. Kwa maumivu yenyewe, parasetamo kwa saa kama nilivyosema, pamoja na chupa ya maji ya moto chini ya kitovu. Hayosini, ambayo wengi huijua kwa jina la Buscopan, inalegeza misuli inayobana na haimo katika kundi la diklofenaki, kwa hiyo unaweza kuiongeza. Epuka tu ile ya mchanganyiko wenye parasetamo ndani kama tayari unakunywa parasetamo. Kwa muda mrefu, kitanzi chenye homoni hupunguza damu na maumivu kwa wanawake wengi, na hakitegemei tumbo kufyonza chochote. Vidonge vya uzazi wa mpango havina uhakika huo baada ya bypass. Kitanzi kinakufaa pia kwa sababu wengi huambiwa wasishike mimba miezi 12 hadi 18 ya mwanzo.

Kuna watakaokuambia uchukue tramadoli. Haichubui tumbo, ni kweli, na baada ya upasuaji au mfupa kuvunjika ina nafasi yake kwa siku chache. Kwa magoti ya kila siku, hapana. Inazoeleka, inafunga choo, inaleta kichefuchefu ambacho mwenye kimfuko kidogo hakihitaji, inaweza kuleta degedege, na ikikutana na baadhi ya dawa za sonona inaleta matatizo makubwa. Kodeini nayo hugeuzwa kuwa mofini ndani ya mwili, na kuna watu ambao miili yao huigeuza kwa kasi ya kutisha. Kama unakoroma sana na uliwahi kuambiwa pumzi inakatika usingizini, dawa za kundi hili zinaweza kukuzimia pumzi usiku. Usizipokee bila cheti, na usizichanganye na pombe, ambayo kwa mwenye bypass huingia kwenye damu haraka na kwa wingi kuliko zamani.

Prednisoloni na deksamethasoni, zile "dawa ndogo" zinazotuliza kila kitu kwa siku moja, nazo huchangia vidonda na kudhoofisha mifupa. Na dawa za unga au za kapsuli zinazotangazwa kuwa za mitishamba ya viungo, zinazoponya magoti kwa usiku mmoja, ziogope. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu bidhaa moja ya aina hiyo, Artri King, baada ya kupima na kukuta diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye chupa. Mtu anaikimbia diklofenaki dukani, anaimeza nyumbani akidhani ni mizizi.

Nina ombi moja kwa wasomaji wenye ugonjwa wa moyo: aspirini ndogo, ya miligramu 75 au 100, mliyoandikiwa kulinda moyo au baada ya kiharusi msiiache kwa sababu ya makala haya. Hiyo ina mizani yake, na daktari wa moyo ndiye wa kuipima pamoja na aliyekufanyia upasuaji.

Jambo lingine kubwa ni kujua maumivu yasiyotakiwa kuzimwa. Maumivu ya tumbo kwa mwenye bypass ni taarifa. Yakija ghafla na makali, au yakija na kuondoka baada ya kula, hata ikiwa miaka imepita, utumbo unaweza kuwa umejipenyeza na kujisokota ndani ya nafasi zilizoachwa na upasuaji, na hilo ni suala la saa, si la siku. Maumivu ya upande wa kulia chini ya mbavu baada ya mlo wa mafuta yanaweza kuwa mawe ya nyongo, ambayo hujitokeza sana kwa wanaopungua kwa kasi. Kichwa kinachouma kila alasiri mara nyingi ni upungufu wa maji mwilini. Huenda umekunywa nusu lita tu tangu asubuhi. Na homa yenye maumivu ya mwili, pima malaria kwanza.

Sasa wewe, wiki hii. Nenda hospitali yenye daktari wa magonjwa ya tumbo au wa upasuaji, ukiwa na karatasi zako zote za India, hasa ile inayoeleza walivyokuunganisha. Mwambie wazi: bypass, diklofenaki wiki mbili, moto nikila, choo cheusi. Mwombe azungumze nawe kuhusu kipimo cha kamera, kwani kidonda cha maungio hakionekani kwenye ultrasaundi. Atapenda pia kupima bakteria wa tumboni, H. pylori, waliozoeleka sana kwetu; kipimo cha choo au cha pumzi kinaaminika kuliko cha damu, lakini ukiwa unatumia omeprazole kinaweza kutoa majibu ya uongo, kwa hiyo mtajie unaitumia tangu lini. Ukivuta sigara, mwambie. Sigara na bypass ni njia fupi ya kidonda. Na ikiwa bado unatumia dawa ya presha, apime na figo, kwa kuwa diklofenaki, dawa za presha na kunywa maji kidogo huzielemea figo kwa pamoja.

Mpaka umuone, parasetamo tupu kwa kipimo nilichokupa, na si zaidi. Kwenye pochi weka kadi ndogo iliyoandikwa: "Nimefanyiwa gastric bypass. Sipewi diclofenac, ibuprofen, aspirin wala dawa yoyote ya jamii hiyo, si kwa kidonge, si kwa sindano." Mwonyeshe daktari wa meno kabla hajang'oa jino, na nesi wa zamu siku utakayofikishwa ukiwa huwezi kusema. Mume wako na wanao waijue pia.

Na kuhusu choo chako. Madini ya chuma hufanya choo kuwa cheusi chenye ukijani, kigumu au cha kawaida, chenye harufu iliyozoeleka. Choo cha damu iliyotoka juu hung'aa, kinanata kwenye sinki hata ukimwaga maji, ni laini, na kinanuka vibaya kwa namna ambayo hujawahi kuisikia. Kama huwezi kutofautisha, usibahatishe: acha vidonge vya chuma hadi umuone daktari, mwambie umeviacha, na uombe kupimwa hemoglobini siku hiyohiyo. Choo kikibadilika kuwa cha lami kabla ya miadi yako, ukitapika damu, au tumbo likakaza ghafla na maumivu yakapanda hadi begani, usingoje kuche. Nenda idara ya dharura ya hospitali yenye chumba cha upasuaji, usile wala kunywa njiani, na sentensi yako ya kwanza pale mapokezi iwe kwamba una bypass na ulikuwa unatumia diklofenaki.